Kisiwa cha Hans, au Tartupaluk: kiko wapi, kwa nini kiligombaniwa, na huyo Hans ni nani hasa

Wengi wanaokijua hiki kisiwa wanakijua kwa ile stori ya pombe, kwamba Kanada na Denmark waligombania jiwe huko kwenye barafu, kila upande ukifika unang'oa bendera ya mwenzake, unasimika ya kwako, unaacha chupa na kuondoka. Stori kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Tatizo ni kwamba imefunika kila kitu kingine, na mimi naona hivyo vilivyofunikwa ndo vina uzito: kwa nini mpaka wa bahari ulikatika pale pale kwenye kisiwa, kwa nini yale maelezo ya sheria yanayozunguka mitandaoni hayashiki vizuri, na zaidi ya yote huyo Hans alikuwa nani, maana jina lake liko kwenye ramani tangu karne ya 19 na watu wanalitaja kila siku bila kujua ni jina la mwindaji mmoja aliyewalisha wazungu wenye njaa kwenye barafu.

Tuanze na ramani kwanza. Tafuta Greenland, ambayo iko chini ya ufalme wa Denmark, fuata pwani yake ya magharibi upande juu mpaka karibu na mwisho, utaona inasogeleana sana na kisiwa kikubwa cha Kanada kinachoitwa Ellesmere. Kati yao unapita mlango wa bahari mrefu na mwembamba, jina lake la jumla ni Nares Strait, ila ndani yake kila kipande kina jina lake: ukiingia kutoka kusini unakutana na Smith Sound, halafu bahari inatanuka inakuwa Kane Basin, inabanwa tena inakuwa Kennedy Channel, inatanuka kidogo Hall Basin, inabanwa mara ya mwisho Robeson Channel, na baada ya hapo umetokea Lincoln Sea ambayo ni sehemu ya Bahari ya Aktiki. Hayo majina yashike vizuri maana tutayarudia.

Kisiwa chenyewe kiko kwenye Kennedy Channel, karibu katikati kabisa, latitudo ya nyuzi 80 na dakika 49 kaskazini, yaani kutoka pale mpaka Ncha ya Kaskazini ni kama kilomita 1,000 tu. Bahari hapo ina upana wa kama kilomita 35, kwa hiyo kutoka kisiwani kwenda Ellesmere na kutoka kisiwani kwenda Greenland ni karibu sawa, kilomita kumi na nane hivi kila upande, na ukifika hewa ikiwa safi unaona pwani zote mbili. Eneo lake ni kilomita za mraba 1.3, weka kama viwanja vya mpira 180 vikipangwa pamoja. Urefu kutoka ncha moja hadi nyingine hauzidi kilomita 1.3 na sehemu ya juu kabisa inafika kama mita 168 kutoka usawa wa bahari. Ni mwamba wa chokaa mtupu, juu umelala bapa, pembeni umekatika kuta, hauna mti wala bandari na hakuna anayeishi pale.

Majirani wa karibu? Kaskazini kama kilomita 200 kuna Alert, kituo cha Kanada cha jeshi na cha hali ya hewa, watu wanakaa kwa zamu wanaondoka. Kijiji chenye familia na watoto na mbwa ni Siorapaluk, upande wa Greenland, na hicho kiko kusini kama kilomita 350. Jua likishachomoza moja kwa moja katikati ya Aprili halizami mpaka mwisho wa Agosti, na likizama kwa msimu Oktoba mnakaa hivyo hivyo gizani mpaka Februari.

Kitu kingine cha kuelewa kuhusu mahali pale ni barafu, maana barafu ndo inayotembea, kisiwa kimesimama. Maji ya hiyo njia yanaelekea kusini, yanatoka Lincoln Sea na kuburuta mapande ya barafu ya miaka mingi, barafu nene na ngumu isiyoyeyuka kiangazi kimoja, na yale mapande yanashuka kwenye Kennedy Channel yanakuta hiki kisiwa kimekaa katikati ya njia na kuta zake zimesimama, yanagonga, yanapasuka, yanazunguka, yanaendelea. Miaka mingi kipupwe kikikolea barafu inajifunga kule Smith Sound kwa umbo la tao, inaziba kama mlango, na kusini yake yanabaki maji wazi makubwa ambayo Wainuit wa Greenland, wenyeji wa asili wa kule, wanayaita Pikialasorsuaq, sehemu tajiri sana kwa sili, nyangumi na ndege. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kule hakuna kitu, ujue amefikiria nchi kavu peke yake.

Sasa turudi kwenye majina. Smith Sound ilipewa jina na baharia William Baffin mwaka 1616, kwa heshima ya Thomas Smythe, mfanyabiashara mkubwa wa London aliyekuwa mmoja wa wafadhili wa safari yake. Kane Basin ni Elisha Kent Kane, daktari wa jeshi la majini la Marekani aliyeongoza msafara wa 1853 hadi 1855. Hall Basin ni Charles Francis Hall, Mmarekani mwingine, alifia huko huko Novemba 1871. Robeson alikuwa waziri wa jeshi la majini la Marekani wakati wa safari ya Hall. Lincoln Sea ni ya mtoto wa rais, Robert Todd Lincoln, aliyekuwa waziri wa vita Marekani. Na Nares ni George Nares, nahodha Mwingereza wa msafara wa 1875 na 1876, jina ambalo serikali za Denmark na Kanada zilikubaliana kulitumia kwa mlango wote mwaka 1964 tu hapo. Umeona mpangilio? Wafadhili, mawaziri na makamanda. Ndo ilivyokuwa kazi ya wavumbuzi, ukifika mahali unalipa deni lako kwa jina, aliyetoa hela anapata bahari, bosi wa wizara anapata mkondo.

Katikati ya majina yote hayo makubwa kuna mwamba mmoja una jina la kwanza tu la mtu, bila ukoo wala cheo. Na huyo mtu alifanya kazi na Kane, akafanya kazi na Isaac Hayes aliyeongoza msafara wa 1860, akafanya kazi na Hall, akafanya kazi na Nares. Wote wanne. Makamanda walikuja na kuondoka, wengine walikufa, mwindaji alikuwa yule yule.

Jina lake la Kigreenland ni Suersaq, la ubatizo ni Hans, na kwenye vitabu anaitwa Hans Hendrik. Alizaliwa miaka ya 1830 kusini mwa Greenland, sehemu ya Fiskenæsset ambayo leo inaitwa Qeqertarsuatsiaat, kwenye jamii iliyokuwa chini ya misheni ya Wamoravia. Kane alipopita pale 1853 alihitaji mwindaji, akapewa huyu kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajafika au ndo kwanza anaifikia, hodari wa kayaki na mkuki. Kane mwenyewe aliandika makubaliano yao: mbali na mshahara ambao anakiri ulikuwa mdogo, aliachia kwa mama yake mapipa mawili ya mkate mkavu na ratili 52 za nyama ya nguruwe. Mimi hilo linanigusa sana, kwamba kijana anaondoka kwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kufika, na anachohakikisha ni mama asilale njaa.

Meli ya Kane ilikwama kwenye barafu, watu wakaugua kiseyeye, mbwa wakafa karibu wote. Juni 1854 Hans na baharia mmoja anaitwa William Morton walitumwa na sleji kwenda kaskazini, wakapita Kane Basin wakafika kwenye rasi waliyoiita Cape Constitution, na mbele yao wakaona maji, maji ya bahari wazi yanaelekea kaskazini. Ndo Kennedy Channel hiyo. Kane aliporudi Marekani aliitangaza kama ushahidi wa ile nadharia iliyokuwa na nguvu wakati ule kwamba kuna bahari wazi isiyoganda mpaka kwenye Ncha, nadharia ambayo haikuwa kweli, walichoona ni maji yaliyofunguka kwa msimu. Lakini angalia jambo moja: Hans Hendrik alikuwa mmoja wa watu wawili wa kwanza kutoka kwenye ile misafara kuiona njia ya maji ambayo baadaye kisiwa chenye jina lake kilikutwa kimekaa ndani yake. Ukiuliza kwa nini jina lake liwe pale na si mahali pengine, hiyo peke yake inatosha kusema anastahili.

Mwaka 1855 alienda kwa Wainughuit, wale Wainuit wa kaskazini kabisa ya Greenland, hakurudi melini. Alikuwa amempata Merkut, akaoa, akabaki. Kwenye maandishi ya wazungu unakuta amewekewa doa la kutoroka, mi nasoma habari hiyo hiyo naona kijana aliyewalisha watu misimu miwili halafu akachagua maisha yake. Hayes alipokuja 1860 akamkuta, akamchukua pamoja na mke na mtoto, na safari ile ilimletea Hans jambo zito: Desemba mwaka ule alisafiri na August Sonntag, mwanaastronomia wa msafara, Sonntag akatumbukia kwenye barafu nyembamba, akafa kwa baridi, na Hans akarudi bila yeye. Hayes alimshuku na akaandika shaka zake kitabuni. Hans hakuwa na kalamu ya kujibu siku ile, ila baadaye aliipata, nitakuja hapo.

Halafu 1871 ikaja meli ya Hall, Polaris, Hans akapanda na Merkut na watoto watatu. Agosti 1872 Merkut akajifungua mtoto wa kiume humo humo melini, wakamwita Charles Polaris, jina la Hall, kiongozi wa msafara aliyekwishakufa, na jina la meli. Miezi miwili baadaye, usiku wa Oktoba 15, dhoruba ikapiga, meli ikabanwa, watu wakawa wanatupa mizigo kwenye barafu wakidhani meli inazama, barafu ikapasuka, meli ikasukumwa gizani na watu 19 wakabaki juu ya pande la barafu linaloelea. Kumi na tisa, na tisa kati yao walikuwa Wainuit: familia ya Hans na kichanga chao cha miezi miwili, pamoja na familia ya Ipirvik, ambaye wazungu walimwita Joe, mkewe Taqulittuq waliyemwita Hannah, na binti yao wa kulea.

Walielea zaidi ya miezi sita, kipupwe kizima, kutoka kule juu karibu na Smith Sound mpaka pwani ya Labrador, kama kilomita 2,900, huku lile pande la barafu likimegeka kila wiki linapungua. Aliyewaokoa mwisho ni meli ya wawinda sili inaitwa Tigress, Aprili 30, 1873. Hakufa hata mmoja. Hata kichanga hakufa. Na sababu haina utata kabisa, Hans na Joe walitoka kila ilipowezekana kuwinda sili gizani, wanangoja kwenye matundu ya barafu, na nyama na mafuta waliyoleta ndo yaliwasha taa na kujaza matumbo ya watu wote 19. Hiyo ndo safari ya jina la kisiwa. Mimi sitaki tena kusikia kisiwa hiki kinaelezwa kwa chupa ya whisky bila hii habari kutajwa.

Baadaye alikwenda na Nares 1875 na 1876, na huko nako kikosi kimoja cha Waingereza kikalemewa na kiseyeye pwani ya kaskazini ya Greenland, miongoni mwa waliokwenda kuwatoa alikuwepo yeye. Na ile kalamu niliyosema: Hans aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, kwa Kigreenland, zikatafsiriwa na Henry Rink, Mdenmark aliyekuwa mkuu wa utawala kule, zikachapwa London 1878. Kwa hiyo tuna sauti yake, anaeleza hofu zake, jinsi alivyohisi wazungu wanamnong'ona, jinsi alivyowaza kufa. Alifariki 1889 Greenland, sehemu ya Qeqertarsuaq.

Jina la kisiwa lilianza lini sasa? Kwenye maandishi linatokea kwanza kwenye simulizi ya safari ya Hall iliyochapwa Marekani 1876, linatajwa tu kana kwamba msomaji ameshalizoea, bila sherehe wala maelezo ya siku ya kubatiza. Inaonekana lilipewa wakati wa safari ile ile ya Polaris, kati ya 1871 na 1873. Na ukitaka kuona kwamba haikuwa bahati mbaya, angalia jirani: karibu na mdomo wa fiodi ya Petermann upande wa Greenland kuna Joe Island, na kusini yake kidogo, mbele ya fiodi ya Bessels, kuna Hannah Island. Joe, Hannah, Hans. Wale wa kwenye barafu wana visiwa vyao hapo hapo karibu. Ila Joe na Hannah viko ubavuni mwa Greenland hakuna wa kuvigombania, ndo maana huvisikii. Cha Hans kilikaa katikati.

Kabla ya majina ya meli mwamba ulikuwa na jina. Tartupaluk, jina la Wainughuit linalohusiana na figo kwa umbo lake, na ndilo walilolitumia wawindaji waliokuwa wakipita hiyo njia na mbwa kufuata dubu weupe na sili, watu wale wale ambao kwao Ellesmere na Greenland zilikuwa uwanja mmoja wa kuwindia, ukivuka barafu umevuka barafu, hakuna geti. Wadenmark wanaandika Hans Ø, Wakanada wa Kiingereza Hans Island, wa Kifaransa Île Hans. Jina la Hans linaweza kukufanya udhani kisiwa kilikuwa cha Kidenmark tangu zamani, hapana, lilitokana na msafara wa Wamarekani waliomtaja Mgreenland aliyebatizwa jina la Kizungu, na jina halikuwahi kuwa hati ya umiliki kwa yeyote.

Haya, ugomvi. Kuna maelezo mawili yanayorudiwa sana mtandaoni na yote mawili yanapotosha.

La kwanza linasema: sheria ya kimataifa inaipa kila nchi maili 12 za baharini, kisiwa kiko ndani ya maili 12 za wote wawili, kwa hiyo wote wana haki. Maili 12 ni kama kilomita 22 na ni kweli kisiwa kiko ndani ya kilomita hizo kutoka kila pwani. Lakini zile maili 12 zinahusu maji. Kuwa na pwani karibu na kisiwa hakukupi kisiwa, ardhi inadaiwa kwa hoja zake, nani alifika, nani alitawala, nani alirithishwa na nani, na ukishakuwa na ardhi ndo unapata bahari inayoizunguka. Mpangilio ni ardhi kwanza, maji baadaye. Kanada ilisimama kwenye urithi wake kutoka Uingereza, ambayo 1880 iliikabidhi visiwa vyote vya Aktiki ilivyokuwa inavidai, ila hati ile haikuorodhesha kisiwa kimoja kimoja. Denmark ilisimama kwenye Greenland na matumizi ya Wainuit wa Greenland.

La pili linasema mahakama ya kimataifa iliipa Denmark kisiwa mwaka 1933. Kesi ya 1933 ipo kweli, ilikuwa kwenye Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, ila ilikuwa kati ya Denmark na Norwe, na iligombaniwa Greenland ya mashariki, upande mwingine kabisa wa nchi. Denmark ilishinda. Kanada haikuwa kwenye kesi ile wala Tartupaluk hakikuwa mezani. Kwa hiyo ukikuta mtu ameandika kwamba kisiwa kilishaamuliwa mahakamani mwambie akasome kesi upya.

Ugomvi wenyewe ulizaliwa kwenye makubaliano, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Miaka ya 70 mwanzoni Kanada na Denmark walikaa vizuri kabisa wakagawana sakafu ya bahari iliyo kati ya Greenland na visiwa vya Kanada, wakasaini Desemba 17, 1973. Ni mpaka mrefu sana, umechorwa kwa pointi 127 zilizopewa namba, unatoka pointi moja kwenda nyingine kwa mstari. Ulipofika Kennedy Channel mstari ukaenda moja kwa moja kwenye kisiwa. Kila upande ulisema ni changu. Badala ya kuvunja mkataba mzima kwa ajili ya mwamba mmoja wakafanya kitu cha akili: mstari ukasimama pointi namba 122 kwenye ukingo mmoja wa kisiwa, ukaanza tena pointi namba 123 kwenye ukingo wa pili, katikati wakaacha pengo. Pengo halifiki hata kilomita moja.

Na hapo kuna jambo ambalo likikaa kichwani ugomvi wote unaonekana kwa sura nyingine. Bahari ilikuwa imeshagawanywa. Mstari wa 1973 unagusa kisiwa kutoka kusini na unaondoka kaskazini, kwa hiyo hata nchi moja ingepewa mwamba wote, sakafu ya bahari ya pembeni ingebaki vile vile ilivyokubaliwa. Wale wanaoeleza kwamba waligombania mafuta na samaki hawajaangalia mkataba. Walichogombania kilikuwa heshima ya mipaka, hasa kwa Kanada ambayo ina hoja kubwa zaidi za kulinda Aktiki, zikiwemo njia za meli za kaskazini magharibi ambazo Kanada inasema ni zake na Marekani haikubali, na serikali yenye mjadala kama ule haitaki kuonekana inaachia hata jiwe.

Mafuta yaliingia kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kampuni ya mafuta ya Kanada, Dome Petroleum, ilipeleka watafiti kisiwani. Hawakwenda kuchimba. Walikuwa wanataka kujua jukwaa la kuchimbia likijengwa baharini kwenye Aktiki litapigwa kwa nguvu kiasi gani na barafu ya miaka mingi, na hakuna aliyekuwa na jibu, wakaona huu mwamba ni jukwaa tayari, umesimama katikati ya mkondo na barafu inaugonga bure kila kiangazi, ukiweka vipimo unapata namba za kweli. Kisayansi ilikuwa kazi nzuri sana. Kisiasa ilikuwa kampuni ya Kanada inafanya kazi kwenye ardhi inayobishaniwa, na habari zilipofika Greenland na Copenhagen moto ukawaka.

Mwaka 1984 Tom Høyem, waziri wa Denmark aliyeshughulikia Greenland, akaenda mwenyewe kwa helikopta, akasimika bendera na kuacha chupa na ujumbe wa kukaribisha watu kwenye kisiwa cha Denmark. Nani hasa alitangulia kuacha chupa inasimuliwa kwa namna tofauti, ila kuanzia miaka ile desturi ikashika, Wadenmark wanaacha kinywaji chao, Wakanada wanaacha whisky yao. Meli za jeshi la Denmark zilifika tena 2002 na 2003 kubadilisha bendera. Julai 2005 wanajeshi wa Kanada wakasimika bendera na kujenga inukshuk, ile nguzo ya mawe ya Kiinuit, na wiki moja baadaye waziri wa ulinzi wa Kanada Bill Graham akatua pale, Denmark ikaandika malalamiko rasmi. Septemba mwaka ule mawaziri wa mambo ya nje wakakutana New York wakakubaliana kupunguza joto, na baada ya hapo kazi ikahamia kwa wataalamu wa ramani na sheria, kazi ya polepole isiyo na picha za kuvutia, na naamini hao ndo waliomaliza jambo. 2018 wakaunda kamati ya pamoja.

Juni 14, 2022 wakasaini mjini Ottawa, Mélanie Joly kwa Kanada na Jeppe Kofod kwa Denmark, wote mawaziri wa mambo ya nje wakati ule, na Múte B. Egede, aliyekuwa waziri mkuu wa Greenland. Uwepo wa Egede kwenye meza ile si wa mapambo, Greenland ina serikali yake ya ndani na kisiwa ni suala la wananchi wake. Vita ya Ukraine ilikuwa na karibu miezi minne, na mawaziri walisema wazi kwamba wanataka kuonyesha mipaka inaweza kumalizwa kwa kuongea.

Kisiwa kikagawanywa. Juu ya mwamba kuna bonde jembamba la asili, ufa unaokwenda takribani kaskazini kusini, wakaufuata huo badala ya kupiga rula. Mpaka una urefu wa kama kilomita 1.2 na upande wa mashariki ulioenda kwa ufalme wa Denmark, yaani Greenland, ni mkubwa kidogo kuliko wa Kanada. Magharibi ni Nunavut, eneo la Kanada, mashariki ni Avannaata, wilaya ya Greenland. Kanada ambayo siku zote ilipakana na Marekani tu kwa ardhi sasa ina jirani wa pili, na Denmark iliyopakana na Ujerumani tu nayo hivyo hivyo. Mkataba huo huo ukarekebisha mipaka ya bahari kutoka Lincoln Sea huko juu mpaka Labrador Sea huko kusini, jambo ambalo kwa uchumi ni kubwa kuliko kisiwa mara nyingi, ila magazeti yalibaki na chupa.

Mambo mawili ya mkataba nayapenda kwa dhati. Moja ni jina, hati zinaandika Tartupaluk pamoja na Hans Island, na la Wainughuit linatangulia. La pili ni kwamba Wainuit wa Nunavut na wa Avanersuaq, kaskazini kabisa mwa Greenland, wamelindiwa haki ya kuingia na kutembea kisiwani kote kwa uwindaji, uvuvi na shughuli zao za desturi kama walivyozoea, mstari uwepo au usiwepo. Kwa hiyo mwindaji anayetoka Qaanaaq kule Greenland na mbwa wake akimfuata dubu mpaka upande wa magharibi wa lile bonde, kwa mujibu wa mkataba hajavamia nchi ya mtu.